Mlango wa Faragha

Mgeni aliingia Ofisi ya Taifa ya Ufutaji kupitia mlango wa Faragha, kwa hiyo watu wote walimwona.

Mlango huo ni wa kioo kitupu, na unatazamana na kituo cha mabasi. Siku ya uzinduzi msanifu alieleza kwamba serikali haina cha kuficha, na wananchi walipiga makofi. Upo mlango mwingine, wa Hakimiliki, nyuma ya jengo. Huo ni wa mbao nene, umetandikiwa zulia, na wanaoupitia hushuka kwenye magari yenye vioo vyeusi. Nchi yenyewe nitaomba nisiitaje. Jina lake limesajiliwa kuwa mali ya serikali, na anayelitamka bila kibali hutakiwa kulirudisha.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Alifika saa ya chai, saa ambayo kwa mujibu wa mwongozo wa ofisi raia hawana matatizo. Mpokezi alimtambua kabla hajasalimia, akaweka kitumbua chake chini, akashika kipaza sauti.

"Mama mwenye video ya aibu ya makaburini! Dirisha la mwisho! Narudia, mama mwenye video ya aibu ya makaburini!"

Ofisi nzima ilinyanyua macho kutoka kwenye vikombe. Wengine walicheka kwa adabu, mkono mdomoni, kama walivyofundishwa kwenye semina ya huduma bora.

Dirisha la mwisho lilikuwa la Ombeni. Huyu alikuwa kijana aliyemaliza chuo mwaka uleule, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, na ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa amesoma sheria ya ofisi akaipenda. Juu ya meza yake alikuwa amebandika kaulimbiu ya ofisi kwa maandishi ya mkono wake: Kila Raia na Staha Yake. Wenzake walidhani ni mzaha, wakamsifu kwa ucheshi.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu." Aliketi upande, akimwonyesha nusu ya uso tu. "Naitwa Veridiana. Nashona mapazia pale sokoni, ukipita wauza magodoro. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa masika."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Sikuja kwa ajili ya msiba, nimekuja kwa ajili ya video." Alishusha sauti. "Shemeji zangu walimkodi mpiga picha wa misiba, ndugu walioko ng'ambo nao wazike kwa macho. Si unajua siku hizi, msiba usiopigwa video watu husema haukufana. Basi jeneza lilipoanza kushuka, nikalia. Katika kulia kule kuna jambo likanipata. La mwili. Sitakuambia, na usiniulize."

"Sikuulizi, mama."

Nami ninayewasimulia sikuuliza, kwa hiyo msinitazame mimi.

"Yule kijana wa kamera akakikata kipande hicho, akakitia muziki, akakimwaga mtandaoni. Sasa wanakicheza hata harusini. Mkono wa kulia kichwani, wa kushoto kiunoni, halafu unayumba kama unaanguka."

Ombeni alisikia masikio yakimchoma. Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya binamu yake, mshereheshaji alipiga kelele, "Mtindo wa Mjane!" na ukumbi mzima ukasimama. Yeye naye alisimama. Simu yake ilikuwa ya tochi, haionyeshi video, na alidhani ule ni mtindo kama mitindo mingine. Tena alicheza vizuri. Shangazi yake alimtunza noti kwenye paji la uso. Sasa aliuondoa mkono wake wa kulia juu ya meza, taratibu, akauficha mapajani.

"Mama," alisema, na alisema kwa moyo wake wote, "sheria iko wazi. Tutaiondoa. Hakuna mtu mwingine atakayeiona."

Mama Veridiana alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayeahidi kumnunulia mama yake ndege. "Wewe umeiona?"

"Hapana, mama. Simu yangu ndiyo hii."

Mama aliitazama ile simu, kisha kwa mara ya kwanza akamgeuzia uso mzima. Ulikuwa uso wa kawaida tu wa mtu aliyechoka.

"Basi niahidi kitu kimoja, baba. Usiitazame. Nimeingia hapa, kuanzia mlangoni hakuna niliyeweza kumwangalia. Niachie mmoja."

"Nakuahidi, mama."

"Nami siku yako ikifika, sitakutazama."

Ombeni alicheka. "Mimi? Nani atahangaika kunirekodi mimi?"

*

Mkurugenzi wa Ufutaji, Bwana Erasto, alikuwa mtu mpole aliyependa kufundisha. Alimsikiliza Ombeni mpaka mwisho, akakoroga chai yake, akasema:

"Kijana, makaburini kuna kuta?"

"Hapana, bwana."

"Pasipo na kuta hakuna faragha. Somo la kwanza hilo. Mama alilia hadharani, tena mchana kweupe. Angetaka staha angelia chumbani."

"Lakini bwana, jeneza lilikuwa makaburini."

"Hilo ni tatizo la jeneza."

"Mbona video ya Mheshimiwa Waziri iliondolewa kabla ya chakula cha mchana?"

Bwana Erasto aliinuka akafunga mlango. Video hiyo wote waliikumbuka, ingawa ilikuwa kosa kuikumbuka. Mheshimiwa Tambarare, Waziri wa Maadili ya Mtandao, alialikwa kufungua kongamano lililoitwa Taifa Lililo Macho. Katikati ya hotuba yake mwenyewe usingizi ulimchukua, akakoroma mbele ya kipaza sauti, na wajumbe, wakidhani ni sehemu ya hotuba, wakanukuu.

Wanasheria wake hawakugusa neno faragha. Walipita mlango wa zulia wakaeleza kwamba mkoromo ule ni utunzi halisi wa Mheshimiwa, una mwanzo, kibwagizo na kilele, na kila aliye nao simuni ameiba kazi ya msanii. Video zikafutwa nchi nzima. Hospitali zikaandikiwa ziwaamshe wagonjwa wote wanaokoroma kwa mtindo unaofanana, mpaka watakapopata leseni.

"Hayo ni mambo ya Hakimiliki," alisema Bwana Erasto. "Usanii. Mama yako huyo ni msanii?"

"Kama mkoromo ni utunzi," alisema Ombeni, "na kilio ni utunzi. Hakuna mtu aliyemtungia. Kimetoka kwake."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. Bwana Erasto alimtazama kijana, na machoni mwake mkaingia kitu kama fahari ya mzazi.

"Wewe," alisema, "utafika mbali."

Ombeni alitoka pale akitembea kama aliyeshinda, na siku hiyohiyo ombi la mama likaandikishwa upande wa Hakimiliki. Alikuwa hajasoma Kifungu cha Pingamizi. Tuseme alikisoma, ila alidhani ni kosa la mchapaji.

*

Kifungu hicho kinasema hivi: kabla kazi yoyote haijaondolewa, lazima wananchi wote wapewe nafasi ya kuitazama, ili isije ikaondolewa mali ya mtu mwingine kimakosa, ndipo shauri lisikilizwe. Ni kifungu cha haki kabisa. Kwa hiyo video ya Mama Veridiana iliwekwa kwenye skrini kubwa juu ya mlango wa kioo, mbele ya kituo cha mabasi, ikawa inarudia na kurudia kuanzia asubuhi hadi ofisi kufungwa. Chini yake palipita maandishi mekundu: VIDEO HII HAIRUHUSIWI KUTAZAMWA. TAFADHALI ITAZAME KWA MAKINI.

Wenye pingamizi hawakutokea. Wenye mabenchi ya kukodisha walitokea. Wauza mahindi ya kuchoma walihamia pale na majiko yao.

Kwenye vijiji visivyo na mtandao serikali ilipeleka magari ya sinema. "Tumewafikia wananchi ambao mtandao ulishindwa kuwafikia," Bwana Erasto aliwaambia waandishi wa habari, na ripoti yake ikapongezwa kwa kuvuka lengo.

Ombeni alikwenda kwa Bwana Erasto kusimamisha jambo hilo. Aliambiwa kwamba linaweza kusimamishwa, ila ombi la kusimamisha nalo lina kipindi chake cha pingamizi, na skrini itabidi iwe kubwa zaidi.

Ilikuwa siku ya mvua Mama Veridiana aliporudi. Safari hii hakuketi. Muziki wa skrini ulisikika hadi ndani, na kila ulipofika mahali fulani watu wa kituoni waliangua kicheko kwa pamoja, kama kanisani wanapoitikia.

"Mwanangu," alisema, "mama yangu mzazi yuko kijijini. Kule hakuna mtandao. Alikuwa hajui chochote. Juzi limekwenda gari la serikali."

Ombeni alitamani angekuwa mmoja wa wale wanaocheka mkono mdomoni; wao angalau hawakumwahidi mtu.

"Nisamehe, mama. Ni mimi. Nilidhani nasaidia."

"Wamemweka mbele kabisa, kwa heshima ya uzee wake." Mama alijifuta mvua usoni kwa ncha ya kitambaa. "Wewe umetazama?"

"Naingia nikitazama viatu vyangu. Nikitoka vilevile."

Mama Veridiana aliviangalia vile viatu. Vilikuwa vimelowa tope, kwa sababu anayetembea akiangalia viatu hukanyaga madimbwi yote.

"Basi," alisema. "Nitakuja siku ya shauri."

*

Shauri lilisikilizwa na Mheshimiwa Tambarare mwenyewe, aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka kati ya bendera na feni. Ukumbi ulijaa. Mama Veridiana aliwekwa kiti cha peke yake pembeni ya skrini, ili wenye shaka waweze kulinganisha.

Wa kwanza kusema alikuwa Dastan, yule mpiga picha wa misiba, amevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo. Ndiye pia aliyepewa kazi ya kurekodi shauri, kwa hiyo aliisimamisha kamera yake kwenye miguu mitatu, akaibonyeza, akazunguka kuja mbele yake kutoa ushahidi.

"Mheshimiwa, nimeumia," alisema. "Mimi ni msanii. Nilikuwa nafanya kazi yangu kwa utulivu, huyu mama akajitokeza katikati ya kazi hiyo akilia, bila mkataba. Leo anataka kuifuta. Hata hivyo mimi si mtu mbaya." Alimgeukia. "Mama, tukubaliane kiutu uzima. Twende tena makaburini, ulie upya. Nina kamera nzuri zaidi sasa. Ukilia vizuri, ile ya zamani naitoa mwenyewe."

Ukumbi ulinong'ona kwa kuridhika. Watu waliona ni sadaka kubwa.

"Marehemu ni mmoja," alisema Mama Veridiana. "Na nimeshamzika."

"Kaburi tutalipamba," alisema Dastan.

Waziri alipiga meza. "Tutazame kielelezo!"

Taa zikazimwa. Na hapo, kabla picha haijatokea, Ombeni aliinuka, akanyanyua kiti chake, akakigeuza, akakaa akiupa uso ukuta. Kiti kilikuwa cha chuma, kikakwaruza sakafu. Kila mtu alisikia.

"Ombeni!" alinong'ona Bwana Erasto. "Geuka! Afisa aliyepokea shauri ndiye anayekula kiapo kwamba ametazama mwanzo hadi mwisho!"

"Nimeahidi kutotazama, bwana."

"Umemwahidi nani?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Mama mlalamikaji."

"Ahadi hiyo imesajiliwa?"

"Hapana, bwana."

Bwana Erasto alimsogelea, na sauti yake ikawa ya baba kwa mwana. "Sikiliza. Barua yako ya ajira ya kudumu iko hapa mfukoni mwangu, imebaki sahihi ya Waziri tu. Nitampa mwingine shauri lako, wako wengi walioitazama kwa kujitolea. Lakini wewe utapotea. Basi usitazame. Sema tu umetazama. Nani atajua?"

Muziki ulianza. Waziri, ambaye hakuwa amelala, aliuliza gizani, "Huyo afisa anatazama nini huko?"

"Ukuta, Mheshimiwa," alijibu mtu.

"Tumpime. Kijana! Kwenye kielelezo, mlalamikaji anaweka mkono gani kichwani?"

Ombeni alijua. Mkono wake mwenyewe, uliolala gotini, ulijua. Neno moja tu lingetosha, na Waziri angeridhika, na barua ingetoka mfukoni. Aliutazama ule mkono gizani, akakumbuka noti ya shangazi kwenye paji la uso, na aibu ikampanda mpaka akahisi hata ukuta unamwona.

"Sijatazama, Mheshimiwa," alisema.

Ukumbi ulimcheka kwanza yeye, kisha skrini, kisha vyote viwili kwa pamoja. Naye akiwa amekaa vile akasikia jambo ambalo wenye kutazama hawakuwahi kulisikia, kwa kuwa wao walikuwa na macho ya kutumia. Chini ya muziki, mbali, palikuwa na sauti ya mwanamke anayeita jina la mtu. Aliliita tena na tena, kama mtu aliye dirishani anamwita mwenzake aliyekwisha kukata kona. Ahadi yake ilikuwa ya macho tu. Kwa masikio hakuwa ameahidi kitu, na hilo lilimuuma.

Video ilionyeshwa tena kwa ajili ya haki, na tena kwa ajili ya wale waliochelewa. Taa zilipowashwa, Waziri alisimama, akarekebisha tai.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa ni nini? Taifa ni watu wanaocheka pamoja. Leo nimeona mkoa na mkoa wakicheka kicheko kimoja, na nimefarijika. Mlalamikaji ana haki. Kilio ni utunzi wake. Nasisitiza: ameshinda! Lakini utunzi ambao taifa zima limeupokea, unaochezwa harusini, kwenye mahafali na kampeni, huo si wa mtu mmoja tena. Natangaza kilio hiki kuwa Urithi wa Taifa. Na urithi wa taifa haufutwi. Atakayeufuta atashtakiwa."

Makofi. Mama Veridiana alikabidhiwa cheti chenye nembo ya ngao na mwaliko wa kulia kwenye sherehe za uhuru. Ombeni alifukuzwa kazi papo hapo kwa kosa la kutazama ukuta wa serikali bila kibali.

Mama aliweka cheti juu ya kiti chake, kifudifudi. Watu walidhani amekisahau. Alizunguka mpaka upande wa ukuta, akasimama mbele ya kijana, akamwangalia usoni kwa muda ambao hakuna aliyeharakisha.

"Ahsante, baba," alisema.

*

Dastan alikuwa amerekodi kila kitu, kwa mujibu wa mkataba. Kesho yake kipande kilikuwa kimeshatiwa muziki: kiti kinakwaruza, kisogo kinatokea, sauti inasema, "Ukuta, Mheshimiwa." Harusini mshereheshaji sasa anaita, "Mtindo wa Kisogo!" na wageni hugeuza viti wakampa bibi harusi migongo. Mtindo wa Mjane bado upo, lakini unasemekana ni wa wazee.

Ombeni alipata kazi kwenye banda la kinyozi la mjomba wake, kufagia nywele na kushika taulo. Ukutani palikuwa na televisheni, na mjomba, ambaye alimpenda sana, alikiwasha kile kipande kutwa kwa sababu kilivuta wateja. "Ndiye huyuhuyu!" aliwaambia. "Mwenyewe! Mtazameni!" Wateja walimtazama kwenye skrini, kisha wakamgeuza mabega wapime kisogo chake. Alizoea kufagia akiangalia sakafu, na hakulaumu. Alikumbuka yeye naye alivyosimama ukumbini akacheza.

Mchana mmoja mjomba alisema fundi wa pazia la mlangoni amefika. Pazia la zamani lilikuwa limeshatolewa, mlango uko wazi, na televisheni ilikuwa kwenye ukuta wa ndani, mtu akiingia inampokea usoni. Wateja walikuwa wamejaa benchi zima.

Mama Veridiana alitokea mlangoni na kitambaa kimekunjwa mkononi. Kiti kilikwaruza kwenye skrini.

"Aah, Urithi wa Taifa!" alipaza sauti mteja mmoja mwenye povu kidevuni. "Mama, umefika kwa wakati wake! Tazama, afisa wako huyo hapo!"

Mama aligeuka akalipa banda mgongo. Ombeni alidhani anaondoka, na moyoni alimpa haki. Lakini hakuondoka. Aliingia kinyumenyume, hatua baada ya hatua, uso akiuelekeza barabarani, mkono mmoja ukipapasa hewa nyuma yake. Alijigonga kwenye benchi. Alikanyaga beseni la maji, likamwagika, akateleza, akashika ukuta. Watu walicheka mpaka mwenye povu akajikata. Wengine walishasimama na simu zimeinuliwa, na mama alizijua simu kwa mlio wake. Alijua jioni hiyohiyo atakuwa kila mahali, mvua ya kicheko ianze upya, na huenda gari la sinema likarudi kijijini kwa mama yake. Hakuongeza mwendo, wala hakugeuka.

"Mama, tazama tu kidogo," mjomba alimsihi, akishika mbavu. "Ni fupi!"

"Nilimwahidi," alisema Mama Veridiana kwa mlango ulio wazi.

Ombeni aliacha ufagio, akaenda akasimama pale televisheni ilipo, mgongo wake ukaifunika. Mama alirudi nyuma mpaka bega lake likagusa kifua cha kijana. Hapo ndipo alipogeuka, maji yakichuruzika kwenye sketi yake, akamwangalia usoni.

"Za kazi, mwanangu?"

"Njema, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nishikie ncha hii, tutundike."